Upawa Mmoja

Kwa miaka kumi na tisa jiko la shule lilikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ilikaa mkononi mwa mpishi mkuu: kila sahani upawa mmoja wa mboga. Mtoto wa mwalimu upawa mmoja, mtoto wa mfagiaji upawa mmoja. Hata yule mtukutu aliyemwigiza mwendo wake jana alipata upawa mmoja, ingawa yeye aliupata pamoja na jicho. Wanafunzi walimwita Mizani, na jina likakaa mpaka walimu nao wakasahau lile alilopewa na wazazi wake.

Ndiyo maana miaka miwili iliyopita, damu ilipomganda mguuni na kipande chake kikapanda hadi kwenye pafu, maelezo ya nesi wa kliniki hayakumpa tabu. Vidonge vyako vinazuia damu kuganda, nesi alimwambia, na mboga za majani zinaisaidia kuganda. Hawa wawili wanavutana kamba. Ukila rundo leo na kesho usiguse hata jani, kamba itayumba na wewe utayumba nayo. Si lazima uziache. Kula kiasi kile kile kila siku, na sisi tutapanga dawa kulingana na kiasi hicho.

"Upawa mmoja," Mizani alisema.

"Upawa wa ukubwa gani, mama?"

Kesho yake alirudi na upawa wa shule mkobani, pamoja na bakuli lake la bluu lenye mstari wa maua kwa ndani. Akachota maji kwenye sinki ya kliniki, akamimina. Maji yalifika kwenye maua yakatulia. Nesi alicheka, lakini aliandika. Tangu siku hiyo ikawa shuleni upawa mmoja, nyumbani Jumamosi na Jumapili bakuli hadi kwenye maua, na kidonge saa moja jioni, mvua inyeshe, jua liwake. Jirani alipomletea chupa ya mizizi iliyochemshwa, eti kiboko ya damu nzito, aliimwaga mtaroni jirani mwenyewe akitazama, kisha akamrudishia chupa yake ikiwa imeoshwa. Namba ya damu yake, ile ambayo ikishuka damu huganda upesi, ilitakiwa kukaa kati ya mbili na tatu. Ilikaa kwenye mbili na nusu kama kuku aliyeatamia.

Halafu muhula huu ikashuka.

Mara ya kwanza ilishuka kidogo, nesi akasema tuangalie. Mara ya pili ilikuwa moja na nukta sita, na siku hiyo Mizani hakuwa peke yake. Binti yake wa pekee alikuwa amechukua ruhusa kazini ili aje naye. Binti ni karani wa mahakama, mtu anayeshinda akiandika maneno ya washitakiwa, na kazi imemfundisha kutomwamini mtu anayejibu haraka.

"Umeruka kidonge, mama?" nesi aliuliza.

"Sijaruka."

"Umemeza dawa nyingine? Mitishamba?"

"Muulize jirani yangu kuhusu mitishamba."

"Mboga je?"

"Upawa mmoja. Kama siku zote."

Binti alikunja mikono kifuani. "Nesi, mboga zinapungua jikoni kwao. Wiki ya tatu sasa. Mtunza stoo ameniambia. Maharage yanatosha, wali unatosha, mboga tu ndizo zinazoisha kabla ya Darasa la Saba. Na damu yake inakuwa nzito. Mimi si daktari, lakini kujumlisha najua."

Mizani alimgeukia taratibu. Ni kweli mboga zilikuwa zinapungua. Alikuwa hajamwambia mtu nyumbani kwa sababu hakuwa na la kuwaambia. Alipika mafungu yale yale, sufuria ile ile, watoto wale wale mia tatu, na bado Darasa la Saba walifika dirishani wakakuta sufuria inang'aa. Aliomba mafungu zaidi, Bwana Stoo akamjibu kwamba mboga hazina miguu. Na kila siku katikati ya aibu hiyo alilazimika kula upawa wake, maana ulikuwa sehemu ya dawa. Aliula kwenye kigoda mbele ya mlango ulio wazi, watoto wakimwona. Kujificha ndiko kungekuwa wizi.

"Kwa hiyo mimi ni mwizi wa watoto," alisema.

"Sijasema hivyo, mama."

"Umejumlisha. Sema jibu."

Nesi aliingilia kati kabla jibu halijatoka. Alisema atampima tena baada ya wiki moja, na kama namba haijapanda atampeleka kwa daktari waongeze dawa, ingawa yeye hapendi kuongeza dawa juu ya jambo asilolielewa. Kifua kikibana au mguu ukivimba, asisubiri hata saa moja.

Nje, kwenye ngazi za kliniki, binti alitoa bahasha. Ilikuwa barua ya kuomba kustaafu, imeshachapwa vizuri, bado sahihi tu. Na alikuwa ameshaongea na Mwalimu Mkuu.

"Umeongea naye lini?"

"Jumatatu. Amesema akiipata Ijumaa hatauliza habari za mboga tena. Utaondoka kwa heshima."

"Kwa heshima," Mizani alirudia. Alilionja neno akaona halina chumvi. "Mtu akiondoka wakati sufuria haitoshi, mwanangu, watu hawasemi amestaafu. Wanasema amekimbia."

"Waache waseme. Wewe hukujiona siku ile. Mimi ndiye niliyekuokota sakafuni bafuni, midomo imekuwa ya kijivu, unahema kama mtu anayenyweshwa maji kwa nguvu. Nilikuwa nakuita na huitiki." Akaikaza bahasha mkononi. "Sitaki kuokota tena. Kaa nyumbani. Nitakupikia mwenyewe, na jani halitaingia kwenye sahani yako."

Hapo Mizani alimwonea huruma, na huruma ile ikamchoma kuliko hasira. Alijua binti anampenda. Alijua pia kwamba mtu anaweza kukufungia ndani kwa kukupenda na ufunguo akauvaa shingoni.

"Ukinipikia bila jani hata moja, dawa itakosa wa kuvutana naye, na safari hii utaniokota natoka damu puani," alisema. "Nesi ametuambia mara ngapi? Wewe unasikia neno mboga, husikii neno kiasi. Nipe hiyo bahasha."

Binti akampa, uso ukaanza kulegea.

"Sijasaini. Nimeichukua isije ikapotea. Ijumaa njoo shuleni saa sita na nusu, nawe ushuhudie ninachokula. Mtu mzima hatishwi kwa karatasi."

Alhamisi alimfuata Mwalimu Mkuu ofisini. Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mpole, wa wale wanaopanga kalamu mezani wakati mambo yanapokuwa mazito. Bwana Stoo naye alikuwepo, amesimama karibu na kabati. Mizani hakusubiri kukaribishwa kiti. Aliugeuza mkoba wake chini juu mezani: vidonge, miwani, kitambaa, mswaki laini, kadi ya kliniki, bahasha ya binti.

"Mnipekue kila siku getini nikitoka. Jani moja likionekana, barua hii naisaini kwa wino mwekundu."

"Mama Mizani, hakuna aliyesema..."

"Amesema huyu." Kidole chake kilimwelekea Bwana Stoo. "Amemwambia mwanangu. Nyuma ya mgongo wangu."

"Mimi nilieleza hali," Bwana Stoo alisema. "Mboga natoa mafungu arobaini, sahani zinakosa. Njia ya mwongo ni fupi, mama."

"Fupi sana. Kesho tutaimaliza pamoja. Nitakuja na bakuli langu la nyumbani, lile ambalo kliniki wanalijua. Nitapakua upawa mmoja ndani yake mbele yenu nyote. Ukifika kwenye maua, mtaniomba radhi, wewe kwanza. Ukizidi maua, nimekuwa mlafi na ninaondoka."

Mwalimu Mkuu alipanga kalamu upya akakubali.

Ijumaa ilifika. Jiko lilikuwa na joto lake la kawaida, mabati ya paa yakilia kwa jua, na Mizani alikuwa ameamka na furaha ya ugomvi. Alikata mboga zote mwenyewe, glavu ya ngozi mkono wa kushoto, kwa sababu kwa mtu wa dawa yake jeraha dogo halina haraka ya kufunga. Kengele ilipolia, wote watatu walikuwa wamesimama kando ya sufuria: Mwalimu Mkuu, Bwana Stoo, na binti aliyekuja amevaa nguo za mahakamani. Nyuma ya dirisha Darasa la Kwanza walishasimama foleni na sahani zao.

Mizani aliweka bakuli la bluu mezani. Akawaonyesha mstari wa maua, kila mmoja, kama mtu anayeonyesha hati ya kiwanja. Akachovya upawa, akaunyanyua, akausawazisha kwa ukingo wa sufuria kama alivyofanya maelfu ya mara, akamimina.

Mboga zilifika kwenye maua. Zikayapita. Zikafika ukingoni, na mchuzi wa moto ukamwagika juu ya kidole gumba chake.

Binti aliangalia chini. Bwana Stoo alikohoa kikohozi cha mtu aliyeshinda.

Mizani alisimama na upawa mkononi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa mkono ule ulionekana kama wa mtu mwingine. Alihisi hofu, hofu ya kweli, kwamba pengine uzee ulikuwa umemwingia kimyakimya na kila mtu ameuona isipokuwa yeye. Aliutazama mpini wa upawa. Plastiki ya kijani, inateleza, mbaya. Mpini ule alikuwa ameuchukia tangu siku ulipoletwa. Alikuwa amegombana na Bwana Stoo wiki nzima juu yake.

Mpini.

"Bwana Stoo," alisema. "Upawa wangu wa zamani uko wapi?"

"Si ulivunjika? Nikakuletea huo. Upawa ni upawa."

"Ulivunjika mpini. Kichwa chake kiko wapi?"

"Nachotea chumvi."

"Kalete."

Alikwenda akiburuta miguu, akarudi nacho kikiwa bado kina chumvi kwenye kingo. Mizani alikisuuza, akakiweka ubavuni mwa kile kipya. Midomo yao ililingana kabisa. Kisha akavigeuza, wote wakaona matumbo: la kipya lilishuka chini zaidi, kwa kina cha vidole viwili. Alirudisha mboga za kwenye bakuli sufuriani, akachota kwa upawa wa zamani akiushika kwa koleo, akamimina. Zilifika kwenye maua zikatulia.

"Umeletwa lini huu wa kijani?" binti aliuliza kwa sauti yake ya kazini.

"Mwanzo wa muhula," Bwana Stoo alisema.

"Mboga zilianza kupungua lini?"

Bwana Stoo alikitazama kichwa cha upawa mpya.

Mizani alicheka, kicheko kirefu kilichomtoa machozi. "Wiki nzima nimetukana mpini," alisema. "Tumbo lake sikuliangalia. Mkono wangu umenidanganya, nakiri mbele yenu. Lakini sikuiba, na sikula kwa siri. Nimekula upawa mmoja." Akamgeukia Bwana Stoo. "Wewe kwanza."

"Unisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Sasa tafuta waya tuufunge mpini, watoto wana njaa."

Mwalimu Mkuu naye aliomba radhi, kwa maneno mengi zaidi. Binti alikuwa akilitazama lile bakuli.

"Kaa foleni," mama yake alimwambia.

"Mimi?"

"Wewe. Nyuma ya Darasa la Saba. Chukua sahani."

Karani wa mahakama, na nguo zake nyeusi, alikaa foleni nyuma ya wavulana na wasichana waliomwangalia kama mdudu aliyepotea njia. Upawa wenye mpini wa waya ulipanda na kushuka. Darasa la Kwanza likapita, la Pili, la Tatu. Waya ulimkwaruza Mizani kiganja, akauzungushia kitambaa akaendelea. La Sita likapita lote. La Saba walifika dirishani kwa uso wa watu waliozoea kukosa, wakapakuliwa mmoja mmoja, na wa mwisho wao aliangalia sahani yake kisha akamwangalia mpishi, akasema, "Asante, Mizani," jambo ambalo Darasa la Saba hawana desturi ya kulisema.

Ndipo akafika binti. Mizani alimpa upawa mmoja. Uliobaki sufuriani aliukomba ukafika kwenye maua ya bakuli la bluu, na sufuria ikang'aa.

Walikula pamoja, mama kwenye kigoda chake, mtoto kwenye debe lililopinduliwa, mlango wazi.

"Bado naogopa," binti alisema.

"Ogopa. Hata mimi naogopa. Lakini ogopa ukiwa umekaa hapa, usiogope kwa kunifungia ndani." Alitoa bahasha mfukoni mwa aproni akamrudishia. "Iweke. Mkono ukinidanganya mara ya pili, nitakuomba mwenyewe uilete. Siku hiyo haijafika."

Binti aliikunja bahasha mara mbili akaitia kwenye mkoba wake. Kisha akauliza mboga zimetiwa nini, mbona tamu.

"Chumvi kidogo," Mizani alisema, "na kipimo. Jumatano tuna kliniki. Tutakwenda na upawa, nesi auone."

Akainuka kuosha sufuria.