Kipimo Kilichozama

Mwaka ule wa waasi, Agathe alikuwa na watoto wawili nyumbani Kilibula: Octave, muuguzi wa mashine ya kuchoma kansa hospitalini, na Sidonie, aliyeshikwa na kansa hiyohiyo kwenye titi la kushoto. Kaka akimtibu dada.

Daktari mzungu alikuwa amekwenda zake tangu uhuru, akaacha mashine na kipimo chake: kisanduku cheusi chenye mshale na waya mrefu. Kila Jumatatu Octave aliweka ncha ya waya chini ya mashine, akawasha dakika moja, akasoma mshale. Ndipo alipojua mgonjwa akae dakika ngapi.

Waasi walipoingia mjini walitangaza: mwenye foni, ile redio ya kuitana, anaita ndege za serikali, atakufa. Jirani yao Placide walimuua kwa redio mbovu tu. Octave, akihofia kipimo kisiporwe hospitalini, akakileta nyumbani na kukificha chini ya kitanda. Agathe akifagia, akauona waya. Hakuuliza mtu. Alikitia kisanduku katika kitunga, akafunika kwa sombe, majani ya muhogo, akashuka ziwani kama anakwenda kuyaosha, akakizamisha.

Kesho yake waasi wakapekua mpaka ndani ya vyungu. Walipoondoka mikono mitupu, Agathe akacheka.

"Weye mutoto, leo ungekuwa maiti! Ile foni yako sasa iko inaongea na samaki."

Octave akakaa chini palepale.

"Mama, ile haikuwa foni."

Akaendelea kumpa Sidonie dakika nane, zile za mwisho alizoandika daftarini. Lakini umeme wa mji ulikuwa umelegea, taa nyekundu kama makaa. Mashine ilinguruma vilevile. Ilichotoa, bila kipimo, hakuna aliyejua. Wiki ya nne kivimbe kikapanda kwapani.

"Ongeza dakika, yaya," Sidonie alimwambia kaka yake.

"Ngapi? Nikizidisha nitakutoboa kifua."

"Bahatisha basi."

"Weye si karata, Sidonie."

Hakuongeza. Sidonie wakamzika kabla waasi hawajafukuzwa.

Kwenye matanga wanawake walimzunguka Agathe. "Muangalie huyu mama," Émérance akasema kwa sauti, "aliokoa mutoto wake mbele ya bunduki!"

"Nyamaza, Émérance."

"Minye ninyamaze sababu gani? Ni kweli!"

Octave alikuwa karibu, anagawa maji. Alisikia yote, akampa mama yake kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima, akapita. Agathe alitamani mwanawe amtukane.