Sahani ya Mutie Napakua Mimi

Salamu ziliisha, chai ikanywewa, na Mbinya akalitoa lile neno alilokuwa amelitafuna njia nzima kutoka Nairobi.

"Mwaitu, Krismasi hii sahani ya Mutie napakua mimi. Si wewe, si Musyoka, si mtu mwingine yeyote."

Mama mkwe wake, Kavata, aliweka kikombe chini taratibu. Tangu lini mke wa mtu akaja hapa Kalamba kumfundisha mama kumlisha mtoto aliyemzaa mwenyewe? Akamtazama mwanawe Mutie, mume wa Mbinya. Kapteni mzima, rubani wa ndege kubwa, na shati limemlegea shingoni, mkanda umetobolewa tundu jipya.

"Huyu umemfanya nini?" akauliza. "Ulipewa mtu, unaniletea kijiti?"

"Yuko sawa, Mwaitu."

"Sawa wapi?"

Sasa, usije ukamwona Mbinya mkosa adabu. Mwezi wa tisa mwaka huo wa tisini na moja, Mutie alikwenda kupimwa kama marubani wote wanavyopimwa, na daktari akakuta damu yake imejaa kolesteroli. Akasimamishwa kuruka papo hapo. Mwezi wa kwanza angepimwa tena, na damu isiposhuka, leseni imekwenda, kapteni atapewa meza ofisini ahesabu siku za kustaafu. Mutie huyo aliyewahi kuteremsha ndege kwenye dhoruba na kutoka akipiga miluzi alijifungia bafuni, akafungua mfereji ili asisikike, akalia. Mbinya alimsikia vizuri sana.

Wakamtuma kwa mshauri wa lishe, binti mmoja aitwaye Qamar, wa familia ya wauza mifugo kutoka Garissa. Mdogo wa mwili, lakini mdomo, Mungu wangu! Siku ya kwanza alimtimua Mutie mlangoni. "Rudi na anayekupikia," alimwambia. "Wewe ukienda peke yako utasahau kabla hujafika kwenye gari."

Basi wakaenda wawili. Qamar akauliza wanakula nini. Mutie akasema wanakula kawaida tu, kidogo kidogo. Mbinya akamkatiza. Figo na mayai asubuhi. Kuku na ngozi yake. Nyama choma kila anapotua, na ikibaki inakaangwa tena kwa mafuta ya mkebe.

"Aa, Mbinya!" Mutie akalalamika. Halafu akajaribu kucheka. "Na wewe dada, baba yako si anauza mbuzi? Unanikataza vipi mbuzi?"

"Baba anauza," Qamar akasema. "Hakukuambia ummalize peke yako. Na wako, baba yako, yuko hai?"

"Alikufa."

"Kwa nini?"

"Alikuwa shambani. Alishika kifua, akaanguka."

"Na ndugu zake?"

"Mmoja alikufa hivyo hivyo. Nyumbani wanasema walirogwa."

Qamar aliweka kalamu mezani, akamgeukia Mbinya. "Mioyo ya ukoo huu haivumilii mafuta. Sasa umesikia, mama. Huwezi tena kusema hukuambiwa."

Maneno hayo yalimkaa Mbinya kifuani. Kuanzia siku hiyo nyumba ikawa ya ndengu, mbaazi, muthokoi ya mahindi yaliyokobolewa na sukuma wiki. Kuku akavuliwa ngozi. Nyama ikawa kipande kimoja kisicho na mafuta, tena kwa wiki mara moja, na Mutie akawa anatembea asubuhi na jioni hadi mbwa wa majirani wakachoka kumbwekea. Alinung'unika na kuita chakula hicho adhabu, lakini alikula. Kilo zikamtoka.

Sitasema alikuwa malaika. Walipokuwa wakija Kalamba, walipofika Sultan Hamud, Mutie alisema anasikia gurudumu moja halina upepo. Mbinya alingoja, akachoka, akateremka kumtafuta. Akamkuta nyuma ya bucha, vidole vinang'aa.

"Ni mfupa tu," Mutie akasema.

"Mfupa umekupaka mafuta hadi kwenye kidevu?"

"Mbinya, ni Krismasi."

"Mimi unaweza kunidanganya. Damu yako utaidanganya vipi?"

Hawakuongea hadi nyumbani, na ndiyo maana alipofika alitoa lile tangazo lake mara chai ilipoisha.

Jumapili walikwenda kanisani. Mchungaji, mtu mwema asiye na hila, aliwaomba waumini wamkumbuke "ndugu yetu Mutie, aliyerudi kwetu akiwa amepungua." Kanisa zima likapoa. Miaka hiyo, mtu akitoka Nairobi amekonda, hakuna aliyeuliza ni nini. Kila mtu alijua jina la ugonjwa huo na hakuna aliyelitaja. Mama mmoja aliyezoea kumkumbatia Mbinya alimpungia mkono kwa mbali. Hasira zikampanda Mbinya hadi machozi yakamlenga, akayafuta kabla hayajaonwa.

Nje, Musyoka, kaka mkubwa wa Mutie, aliwangoja. Musyoka alikuwa mnene, mcheshi, na tumbo lake alilipigapiga akiongea.

"Watu wanaongea," akasema. "Krismasi ukoo wote unakuja kwa mama. Nina mbuzi maksai nimemnonesha mwaka mzima kwa ajili yako, ndugu yangu. Utakula ubavu mbele ya watu, waone wewe ni mzima. Yaishe."

"Hatakula," Mbinya akasema.

"Sikuongea na wewe, shemeji."

"Lakini mimi nimekujibu."

Mutie alitazama viatu vyake, na hilo ndilo lililomtia Mbinya hofu kuliko Musyoka.

Siku ya Krismasi ua ulijaa. Maksai alichomwa hadi moshi ukawaita hata wasioalikwa. Mbinya alikuwa ameweka sufuria yake ya muthokoi na mbaazi pembeni, na wanawake wa ukoo waliipita wakinong'onezana kwamba mke wa kapteni anamshindisha mumewe njaa. Wacha waseme, akajiambia. Hawatakuwa nami siku ya kupimwa.

Baada ya sala, Musyoka alikuja na sinia mikononi. Ubavu mzima, mafuta yanachuruzika. Akaliweka mbele ya Mutie, na maongezi yakakatika. Macho yote yalimwangukia. Mutie akameza mate. Aliwatazama wajomba, akamtazama mama yake, na mkono wake ukaanza kwenda.

Mbinya akainuka, akalinyakua sinia.

"Haki ya Mungu!" mtu akapiga kelele.

"Weka chini," Musyoka akasema.

"Siweki."

"Unatuaibisha mbele ya watu!"

"Aibu ni hii, au ni kumzika? Nisikilizeni nyote, maana mmenisema vya kutosha. Mnadhani ana ule ugonjwa. Hana. Na angekuwa nao ningesema, na ningemuuguza hapa hapa mkiona, nisingemficha! Damu yake ina mafuta. Daktari amemkataza kuruka. Na haya mnayomlazimisha ndiyo yaliyomwangusha baba yake."

"Mume wangu alirogwa," Kavata akasema. Hakupaza sauti, lakini ilisikika ua mzima.

Mbinya alimgeukia. Hasira zote zikamwishia miguuni, akabaki na sinia mikononi.

"Mwaitu, alishika kifua. Ndugu yake naye akashika kifua. Huyu naye wameshamkuta na mafuta kwenye damu."

Kavata alilitazama lile sinia.

"Kila siku nilimwekea yaliyonona," akasema. "Sisi tulikula makavu, mimi na watoto. Yeye nilimchagulia. Hata siku ile. Basi ni mimi niliyemuua?"

Mbinya angeweza kurudi nyuma hapo, aseme samahani, aweke sinia chini na mambo yaishe kwa amani. Hakurudi.

"Hapana, Mwaitu. Ulimlisha kwa kumpenda, na hakuna aliyekuambia. Lakini mimi nimeambiwa. Nikimpakulia hii leo, nitakuwa nimempakulia nikijua."

Mutie aliurudisha mkono wake. Akaufutia kwenye suruali ingawa ulikuwa haujagusa kitu.

"Na mimi nimeambiwa," akasema. "Nipe muthokoi, mke wangu. Anayedhani naumwa aje tukimbizane hadi sokoni."

Mjomba mmoja akacheka, wengine wakamfuata kwa woga. Kavata hakucheka. Aliinuka kwa kushika goti, akamwendea Mbinya, akalichukua lile sinia kutoka mikononi mwake. Watu wakadhani anamrudishia mwanawe, maana mama ni mama. Mbinya mwenyewe alijiandaa kulinyakua mara ya pili, na potelea mbali.

Lakini Kavata alimpita Mutie. Musyoka, aliyekuwa amekaa karibu, akanyoosha mkono achukue ubavu, kwa kuwa haukuwa na mwenyewe tena. Mama yake akampiga kofi mkononi, kofi la kumpiga mtoto mezani.

"Mwaitu! Mimi nimekosa nini?"

"Na wewe baba yako alikuwa nani?"

Mkono wa Musyoka uliopigwa ukaenda wenyewe hadi kifuani, ukatulia pale.

Kavata aliliweka sinia mbali na wanawe wote, kisha akamgeukia mkaza mwana wake.

"Mbinya," akasema, "pakua sahani mbili."