Samaki wa Krismasi Aliyekijua Kidole

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi, Ludmila Škopková aliingia bafuni kupiga mswaki, akakuta samaki amegeuka, kichwa kiko upande wa bomba. Huyo samaki alikuwa na siku tatu ndani ya hodhi la kuogea, akitolewa harufu ya tope la bwawani kabla ya kupikwa jioni hiyo, kama samaki wenzake katika kila nyumba ya kijiji cha Habrovka.

"Samahani, bibi," samaki alisema kwa Kijerumani. "Ule mtufaha wa kisimani bado upo?"

"Tuliukata," Ludmila akajibu. "Ulikuwa unaziba mwanga."

Alikuwa na kazi. Mwenyekiti wa kijiji alitaka ukurasa mmoja wa kubandika ubaoni kabla ya mchana: kijiji kilivyokaa na kilikotoka. Ludmila alivuta kigoda, akaanza kumsomea samaki alichoandika, maana mumewe Oldřich alikuwa anamenya viazi na hasikilizi. Nyumba thelathini na moja, kilima kimoja, bwawa moja. Nyumba ya kwanza, hii hii yao, ilijengwa mwaka 1946 na babu yake, Vendelín, kwa mikono yake, na msumeno ukamkata kidole. Mzee alikuwa akikionyesha kile kigutu kila Krismasi.

"Hii nyumba aliijenga baba yangu," samaki alisema. "Toa tofali la tatu nyuma ya jiko."

Ludmila akaenda, akalitoa. Kulikuwa na kiatu cha mtoto, na kwenye tofali jina la Kijerumani na mwaka 1931. Alirudi bafuni.

"Na kidole?"

"Kilibaki mlangoni. Babu yako alikuwa anasukuma aingie, baba anausukuma aufunge. Mama alikifagia. Kesho yake wakatutoa Wajerumani wote kijijini, kila mtu na mzigo wa mkononi. Mimi sikufika mbali. Nilifika bwawani."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

Kalamu ilimtoka Ludmila mkononi, ikaingia majini. Samaki akaisukuma kwa pua hadi ukingoni.

Jirani yake Jarmila aligonga dirisha.

"We Ludmila! Wako naye anasema?"

"Anasema."

"Wangu tangu juzi anadai kitanda cha bibi yake! Fungulia redio usimsikie, shoga. Jioni si tunawala?"

Oldřich akaingia na nyundo ya mbao, aproni imejaa maganda.

"Haya mama, nipishe."

"Oldřich, huyu ana miaka tisa."

"Wa mwaka jana alikuwa bibi kizee," Oldřich alisema, "na ulikula vipande viwili."

Ludmila aliiokota kalamu ukingoni. Kisha akampisha.

Mwenyekiti alipofika aliichukua karatasi, akaisoma amesimama mlangoni, akasifu mwandiko. Saa sita ilikuwa ubaoni, haikubadilishwa hata neno. Kiatu kilirudi nyuma ya jiko, tofali likawekwa juu yake.

Jioni, chini ya kila sahani Ludmila aliweka gamba moja la samaki, la baraka, kama kila mwaka. Mjukuu wake Anežka alilichomoa la kwake, akalilamba. Mwezi uliopita alikuwa ametimiza miaka tisa.

"Bibi, tuhadithie kidole cha babu Vendelín."

Ludmila alimtolea mwiba, akamwekea mnofu kwenye sahani.

"Kilikatwa na msumeno," akasema. "Kula, utapoa."