Kigoda cha Mgeni

Mwiko niliuficha nyuma ya mlango tangu Jumatatu. Si ule wa kupikia kila siku. Huu ni ule mkubwa wa misibani, wa kusongea ugali wa watu mia, na niliapa kwamba Nkuba akikanyaga uwanja wangu hapa Igawilo kuja kumchukua Mbuke, utamshukia mgongoni. Nilikuwa nimepania, sitanii.

Wacha niseme yote, msije mkanilaumu bure. Mbuke ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu Violet. Violet aliolewa na Nkuba, Msukuma wa Madibira, ambaye wazazi wake waliingia Usangu na ng'ombe wao kutoka huko Shinyanga. Violet alipofariki, mtoto alikuwa na miaka miwili. Nikambeba mgongoni, nikaja naye Mbeya. Mwaka huu katimiza saba, na Nkuba akapiga simu: "Mama, nimeshaoa tena. Nyumba ipo, shule iko karibu. Mwezi ujao nakuja kumchukua mwanangu."

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akauliza, "Mahari alitoa?" Alitoa. "Mtoto keshafika saba?" Keshafika. Akakuna kichwa. "Sasa mama yangu, unataka mimi nisemeje?" Nikaenda kwa Mzee Lutengano, kiongozi wa jumuiya yetu. Yeye akasema tuombe. Tukaomba, na Nkuba akapiga tena kuuliza Mbuke anavaa viatu namba ngapi.

Jumuiya yetu ni nyumba kumi na moja tu, tunaoshika sikukuu za Torati kama Wayahudi wanavyozishika. Majirani wanatutania, "Enyi Waisraeli wa Igawilo, Musa hajambo?" Nawajibu hajambo, anawasalimu. Ikifika Sukoti tunajenga vibanda vya miti na majani ya migomba, paa tunaliacha na uwazi hadi nyota zionekane, na tunakula humo siku saba. Mapambo ni kazi ya watoto, na watoto wote wa jumuiya huwa wanaletwa kwangu.

Hatununui kitu. Minyororo ya karatasi tunakata kalenda za zamani, gundi ni uji mzito wa ngano. Mayai tunayatoboa huku na huku, tunapuliza mpaka ya ndani yatoke, hayo nakaanga, maganda tunayapaka binzari na kuyatunga kwenye uzi. Vitunguu vyangu vya kupikia, vya Ruaha Mbuyuni, tunavisuka kwa mabua yake. Mbuke mwaka huu alikata mnyororo wake mwenyewe, akaandika jina kwenye kila pete. Pete zilikuwa mbili tu, Bibi na Mbuke, kwa sababu niliwaambia waandike wanaolala nyumbani mwao. Nilipouona nilijifanya moshi wa jikoni umeniingia machoni.

Halafu kuna kigoda cha mgeni. Kila kibanda kinaacha kigoda kimoja kitupu. Anayetokea, yeyote yule, anakaribishwa, anaketi, anakula, na haulizwi kilichomleta mpaka ashibe. Mtoto mmoja ndiye anayepewa kazi ya kukaribisha. Mbuke alinisumbua wiki nzima apewe yeye, nikampa.

"Bibi Tumpe, hata akija mwizi?" aliuliza Asukile, mtoto wa jirani, ambaye mdomo wake haulali.

"Hata mwizi. Atakula kwanza."

"Hata akiwa anamtaka kuku wetu?"

"Gwe Asukile! Mgeni wa kibandani hakataliwi. Kuku tutamjadili baadaye."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Kumbe nilikuwa najichimbia shimo mwenyewe.

Siku ya kwanza ya sikukuu hatufanyi kazi, kwa hiyo mapambo mengine tuliyamalizia siku ya pili. Mchana nilikuwa jikoni nakoroga gundi. Geti nilikuwa nimelifunga kwa kufuli, lakini kibanda chetu kiko upande wa njia, na upande ule wa njia tumeuacha wazi, maana ndiko mgeni anakoingilia. Akili yangu ilifunga geti ikasahau kibanda. Nikasikia sauti ya Mbuke, nyembamba, kama nilivyomfundisha: "Karibu mgeni. Kigoda chako hiki. Usiseme kitu, kula kwanza."

Nikachungulia. Nkuba alikuwa ameketi, begi magotini, kavaa koti kwenye jua kali, na vumbi la barabara nzima. Mtoto hakumtambua. Atamtambuaje, na alimwona mara ya mwisho akiwa na miaka mitatu, baba alipokuja kutusalimia? Akamnawisha mikono, akamwekea ugali na maharage. Watoto tisa wanatazama, Mzee Lutengano naye kaketi pale pale na sahani yake.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nilimlea akaribishe wageni, akakaribisha.

Niliushika ule mwiko wa nyuma ya mlango. Nikauachia. Ningempigaje mtu ana tonge langu mkononi?

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mzee Lutengano akaninong'oneza nilipofika.

"Apone nini?" nikamwambia. "Nyamaza, mzee wangu, leo nitakuvunjia heshima."

Nkuba aliponiona aliacha chakula, akachuchumaa chini kabisa. "Shikamoo mama." Nikaitikia kwa shida. Na ubaya ni kwamba hakuwa mtu mbaya. Ningempata mlevi, ningempata jeuri, ningejua pa kuanzia. Huyu alikula, akashukuru, akaomba udongo wa kichuguu na maji. Akawafinyangia watoto ng'ombe wadogo wenye pembe ndefu, akawatoboa, akawatunga kwenye uzi. Wakati Mbuke anamshikia uzi niliona masikio ya mtoto na ya baba, yale yale, yamekaa vile vile.

"Huyu ndiye baba yako," nikasema. Ni mimi niliyesema. Nisingevumilia aambiwe na mwingine.

Mbuke alimtazama, akanitazama. "Yule wa kwenye simu?"

"Ndiye."

"Mama," Nkuba akasema, "najua nakuumiza. Basi letu ni la kesho asubuhi."

"Mwache amalize sikukuu! Siku tano tu, Nkuba, nakuomba."

"Mke wangu yuko peke yake, ana mimba ya miezi minane. Nimemwacha na jirani." Aliinamisha kichwa. "Ningeweza ningekaa."

Nilikuwa na maneno ya mwezi mzima, nimeyapanga, nimeyanoa. Mbuke akanivuta kanga. "Bibi, nikikataa?" Mimi, Tumpe, ninayejulikana mtaa mzima kwa mdomo, nilisema tu, "Kamalizie kutunga mayai yako."

Asubuhi nilimvalisha viatu vipya alivyoletewa. Vilimtosha sawasawa, na hilo nalo likaniuma. Nikapanda kwenye stuli niutungue mnyororo wake wa pete mbili, aende nao.

"Uache, Bibi," akasema. "Ni pambo la kibanda. Mwakani nikija nitaukuta."

"Utakuja?"

"Nitapita huku njiani, niketi hapa." Akakigonga kigoda kwa kiganja, akanitazama kwa makini, kama anataka kuhakikisha. "Si ulisema mgeni hakataliwi?"

Mgeni. Mtoto niliyembeba kwa mgongo huu kutoka Madibira, ananiuliza kama nitampokea. Nilisema hakataliwi, mama, hakataliwi kamwe. Nkuba akambeba mabegani, ng'ombe wa udongo mkononi mwa mtoto, wakapita upande ule wa wazi.

Nilikuwa bado nimesimama pale Asukile na wenzake walipoingia na makaratasi yao. "Bibi Tumpe, leo nani anakaribisha?"

"Wewe," nikamwambia.

Nikaingia jikoni kukoroga uji wa gundi, machozi yakadondokea humo humo. Tumeamriwa kufurahi siku zote saba, na zilikuwa zimebaki tano.