Mifano ya Mama Kadi

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mkurugenzi wa ofisi ya kamusi alitoka chumbani kwake na kurasa kumi na moja mkononi. Zote zilikuwa za neno moja: "get", kitenzi cha Kiingereza chenye herufi tatu na, kwa hesabu ya ofisi, maana themanini na nne. Kupata, kufika, kuelewa, kuugua, kuchoka, kumshawishi mtu, na kuendelea hadi mtu atamani kuzaliwa bubu.

Aliyeziandika aliitwa Mama Kadi, kwa kuwa kila maana aliipa kadi yake. Ilimchukua miezi minane. Ofisi ilipima kazi kwa idadi ya maneno, na jirani yake wa meza, aliyepewa herufi J, alishamaliza mia saba. Mama Kadi alikuwa na moja. Mkataba wake uliisha saa sita mchana siku hiyo, na hata mfagizi alijua hautaongezwa.

Kila maana ilihitaji mfano mpya. Kufikia ya kumi na nane, Mama Kadi aliishiwa na watu wa kubuni, akaanza kutumia waliopo.

"Huyu mkurugenzi anayesinzia kikaoni ni nani?" aliuliza mkurugenzi.

"Mfano tu, bosi."

"Na huyu aliyepata cheo kupitia shemeji yake?"

"Mfano mwingine. Kwani wewe una shemeji?"

Jirani wa herufi J alipatwa na kikohozi cha ghafla.

Mkurugenzi aliikataa mifano ishirini na sita. Mama Kadi akamkumbusha utaratibu alioutia saini mwenyewe: anayekataa mfano huandika mwingine. Akampisha kiti.

Saa tano dereva wa kiwanda cha uchapaji alifika kuzichukua kurasa, akaambiwa asubiri. Saa tano na nusu mkurugenzi alikuwa na sentensi tatu, zote za paka. Ya kuelewa ilisema: "Paka alielewa."

"Alielewa nini?" Mama Kadi aliuliza.

Mkurugenzi alikiri kwamba hajui. Akamwomba aimalizie yeye. Mama Kadi alijibu kwamba angependa sana, ila baada ya nusu saa atakuwa mgeni humo ndani, na mgeni haandiki kamusi.

"Unanibana, mama."

"Saa ndiyo inayobana, bosi."

Mkataba uliletwa. Mkurugenzi alitia saini ya miaka miwili saa tano na dakika arobaini na moja.

Mama Kadi hakubuni sentensi hata moja. Alichukua kalamu, akafuta "mkurugenzi" mara ishirini na sita, na kila mahali akaandika "mwenyekiti wa bodi". Mkurugenzi aliona jina lake la kazi limetoweka, akaidhinisha kurasa zote kumi na moja bila kuzisoma.

Gari la kiwanda liliondoka nazo saa sita na dakika nne.