Upepo wa Kurudi

Mwanangu Egbert alitoka mjini Utrecht Jumamosi asubuhi na jambo moja kichwani: kuninyang'anya baiskeli. Mwezi wa pili niliteleza kwenye barafu nikavunjika mkono, na tangu hapo ananitazama kama kikombe chenye ufa.

"Mama, una miaka sabini na tisa," alisema. Ufunguo wa akiba wa baiskeli yangu alikwisha kuutia mfukoni. "Utakuwa unapanda basi."

"Basi halifiki kwa Wubbigje."

Wubbigje ni rafiki yangu wa mwisho aliyebaki kijijini. Kahawa yake mbaya, lakini umbea wake ni wa daraja la kwanza.

Tulibishana mpaka mkate ukaisha mezani. Mwisho tukapatana: tulizunguke bonde la mto Aa, kilomita ishirini na nne, mimi na yeye. Nikimaliza bila kuweka mguu chini, baiskeli inabaki. Nikigusa ardhi hata kwa kidole, inakwenda kwa muuza mitumba.

Egbert akaandika namba za vigingi vinavyoongoza wapanda baiskeli njiani, akabandika karatasi kwenye usukani: 45, 12, 83, 27, halafu nyumbani. Maana yake tuanzie mashariki. Na upepo siku hiyo ulitoka magharibi, umelaza nyasi zote. Mtoto yeyote wa hapa anajua kwamba unatoka na upepo usoni ili urudi nao mgongoni. Nikafungua mdomo.

"Usiongee, Mama. Tunza pumzi."

Nikaufunga. Mimi ni mtu mtiifu.

Baiskeli yake ni ya umeme, nzito kama ndama. Aliiweka kwenye nguvu ya juu kabisa, akavuka daraja la mbao kwa kishindo, akayapita malisho, ng'ombe wakigeuza shingo.

"Unakuja, bi mkubwa?"

Nilikuwa nakuja. Upepo ulinisukuma hadi kigingi cha 83 bila jasho.

Pale njia ikakata kona, upepo ukatupiga kifuani. Nikapunguza gia, nikajibana kando ya tuta lililoota mialoni. Mababu walilijenga kuzuia ng'ombe, ila linazuia na upepo. Egbert yeye alishika katikati ya njia, kifua mbele. Tulipofika kigingi cha 27 betri yake ikakata roho. Zilibaki kilomita saba.

Akasimama, uso mwekundu kama bitiruti. Mimi nikawa namzunguka kama nzi, maana masharti ni masharti.

"Kaa nyuma yangu," nikamwambia. "Gurudumu lako karibu na langu, ujifiche upepo."

"Mama, watu wataniona."

"Miaka minne ulikaa nyuma yangu kwenye kiti cha mtoto, umenishika koti, kamasi zinatiririka. Walikuona, na hawakufa."

Nikamrushia pipi ya mnanaa, nikatangulia. Mgongo wangu mpana; Mungu alipokuwa akiupima hakuwa na haraka. Nilimsikia akihema nyuma, nikakaza mwendo kidogo, asije akadhani namhurumia.

Hivyo ndivyo tulivyoingia kijijini, mama mbele, mtoto nyuma. Wubbigje alikuwa dirishani. Hakupunga mkono, alikuwa ameshanyanyua simu.

Nyumbani nikashika nguzo ya lango, miguu bado juu ya pedali, nikanyoosha kiganja. Egbert akautoa ufunguo, akauweka humo.

"Kwa nini hukuniambia habari ya upepo?"

"Ulisema nitunze pumzi," nikamjibu, na ndipo nikaweka mguu chini.