Visigino vya Utingo

Haya alinisimulia mkwe wangu, mke wa mwanangu, akinivua viatu, siku niliyorudi kutoka kliniki miguu imevimba kama mito ya kulalia. Alinong'ona, maana mume wangu alikuwa chumba cha pili na mlango ulikuwa wazi.

"Mama, leo baba amemtaja."

Sikumuuliza nani. Katika nyumba ile, asiyetajwa alikuwa mmoja tu.

Mume wangu aliendesha lori ujana wake wote. Binti yetu wa kwanza, kabla hajaanza shule, alipanda naye safari fupi fupi, na baba yake akamwita utingo, msaidizi wake wa lori. Kabla ya kuwasha injini: "Utingo, breki zipo?" Naye: "Zipo, bosi! Mafuta ndiyo hakuna!" Wakacheka wenyewe, kana kwamba mzaha umezaliwa leo. Safari moja aliachwa nyumbani kwa sababu mwili ulikuwa na joto. Baba yake aliporudi, tulikuwa tumeshazika. Tangu hapo hakulitamka jina lake wala lile la utani, nami nilipolitamka alinyanyuka akatoka nje. Nikajifunza kumlilia mwanangu peke yangu, jikoni, bomba likimwaga maji.

Mwanetu wa mwisho, ambaye hakumwona dada yake, ni fundi wa magari madogo ya plastiki, yale ya kuwekwa kabatini. Macho ya baba yake yalipoanza kufifia, akaazimia kumtengenezea mfano mdogo wa lori lake la zamani kabla giza halijaingia kabisa.

Siku hiyo ya kliniki alikuwa akipaka rangi viti, kila kimoja kama kucha ya kidole gumba, na mkwe wangu akipiga pasi pembeni. Cha dereva kilikuwa tayari: kahawia, kisha rangi hafifu iliyogongwagongwa kwa kipande cha sifongo, kisha nyeusi nyepesi kama maji kwenye mikunjo. Ungeapa ni ngozi kuukuu. Cha abiria alikiacha kipya.

Mzee akavisogeza karibu na jicho.

"Cha dereva umekichubua katikati. Ngozi ya kukaliwa inang'aa, bwana. Makalio yangu yaliing'arisha kuliko kiwi ya viatu."

"Nitapaka vanishi, baba."

"Na hiki mbona kipya?"

"Si hakuna aliyekuwa anakaa hapo?"

Mkwe wangu anasema alisahau pasi juu ya shati mpaka likanuka moshi. Kisha mzee akaweka ukucha kwenye ukingo wa mbele wa kile kiti, chini ya mahali pa kukalia.

"Chubua hapa. Na hapa."

"Hapo mtu anakaaje, baba?"

"Visigino. Miguu yake haikufika chini, basi alikipiga kiti njia nzima. Nikimwambia acha, utingo, utanitoboa kiti, ndiyo kwanza anaongeza."

Mwanangu akachukua sindano, akachubua. Baba yake akawa anasema, "Zaidi. Alikuwa na nguvu yule."

Mkwe wangu alipomaliza kusimulia, nilibaki nimeshika kiatu. Nilikuwa nimelingoja neno hilo mpaka nywele zikawa nyeupe, na lilipotoka, mimi nilikuwa kwenye benchi la kliniki nikingoja kuitwa.

Nikaingia pekupeku. Alikuwa kwenye kochi, uso dirishani, kiti kidogo cha abiria katikati ya vidole. Nikakaa kando yake.

"Utingo," nikasema, "breki zipo?"

Nilijua atanyanyuka. Hakunyanyuka.

"Zipo, bosi." Midomo ikamcheza. "Mafuta..."



"Mafuta ndiyo hakuna," nikamalizia.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kisha akasinzia, kichwa kikamwangukia kifuani, akakoroma. Nikakitoa kile kiti vidoleni mwake. Rangi ilikuwa bado mbichi, ikanishika mkononi. Sikunawa. Nikamwegemea begani, nje bado jua linawaka, usingizi ukanichukua na mimi.